Nilivyopata mwalimu wa MATLAB hapa Tanga, baada ya kulipa wawili bila faida

Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi yeyote aliye Tanga, au mji mwingine wowote, ambaye msimamizi wake amemwambia "fanya uchambuzi kwa MATLAB" kisha akakata simu. MATLAB ni programu ya kompyuta ya kupiga hesabu za namba nyingi kwa kuiandikia amri. Mimi niliambiwa hivyo mwezi Januari. Nimepita kwa walimu watatu. Wawili wa kwanza walikula pesa yangu, wa tatu niko naye mpaka leo na nasoma kwa raha.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini namsifu huyu wa tatu. Nasoma shahada ya uzamili huku nikiwa kazini, na utafiti wangu unahusu maji kujaa na kupwa katika ghuba yetu. Wakulima wa mwani huingia shambani siku za bamvua, maji yanapopwa sana. Nataka kuwatengenezea kalenda ya saa wanayoweza kuiamini. Nilisimamisha nguzo iliyochorwa alama za sentimita, vijana wawili wakawa wanaisoma kila saa kuanzia asubuhi hadi jioni kwa siku 30. Vipimo 12 kwa siku, jumla 360, vyote kwenye kaunta buku. Kilichobaki ilikuwa kuviingiza kwenye kompyuta na kutafuta mawimbi yaliyojificha ndani yake.

Mwalimu wa kwanza nilimpata kwenye tovuti ya walimu wa nje ya nchi, dola 20 kwa saa. Sitamsingizia, kazi anaijua. Ila aliandika yeye mwanzo mwisho, mimi nikitazama kishale chake kinavyokimbia kwenye skrini. Nikiuliza, anajibu haraka haraka kwa Kiingereza na tayari ameshafika mstari wa tatu mbele. Video ikanimalizia bando la wiki kwa jioni mbili. Siku moja umeme ulikatika dakika ya 25 na mtandao ukaondoka nao. Muda uliobaki ukahesabiwa kuwa nimeutumia. Baada ya saa nne, yaani dola 80, nilikuwa na faili zuri lisilo langu. Nilipofungua ukurasa mtupu ili niandike mwenyewe, sikuweza hata kuanza.

Wa pili alikuwa kijana wa Dar es Salaam niliyeelekezwa kwenye kundi la WhatsApp. Alisema atanifundisha, tukakubaliana shilingi 150,000, nikatuma nusu. Siku ya tatu akanitumia skripti (faili la amri) iliyokamilika, akasema, "Dada, hii wewe irun tu, usijisumbue." Niliiendesha. Grafu ikatoka mstari uliokaribia kulala, kana kwamba bahari ya Tanga haijai wala haipwi. Muda alikuwa ameuweka kwa siku, na vipindi vya mawimbi, yaani muda wa kila wimbi kujirudia, akaviweka kwa saa. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilimpelekea msimamizi vilevile. Akaniuliza mstari wa 14 unafanya nini. Nilinyamaza kwenye simu, na ule ukimya naukumbuka mpaka sasa.

Wanafunzi wenzangu, mtu anayekuuzia kazi iliyokwisha hakufundishi, hata akijiita mwalimu. Na siku ya kutetea utafiti utasimama peke yako.

Huyu wa tatu nilimpata bila kumtafuta. Nilikuwa duka la fotokopi pale Ngamiani nikichapa kurasa za mwongozo, muuzaji akaziona, akasema kuna mzee mstaafu mtaa wa nyuma ambaye vijana wa vyuo humwendea wakirudi likizo. Alifundisha hesabu kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na alipostaafu mwanawe akamwachia laptopu. Nilikwenda kesho yake baada ya Alasiri.

"Hodi! Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani. Umekuja na nini?"

Nikasema nimekuja kujifunza MATLAB. Akasema hapana, ameuliza nimekuja na *nini*. Nikatoa kaunta buku. Akaifungua, akavaa miwani, akasoma kurasa tatu nne kimya kimya, kidole kikishuka kwenye namba. Wale wawili wa kwanza hawakuwahi kuomba kuona vipimo vyangu. Hapo hapo moyo wangu ulitulia.

Jambo la pili likawa leseni. Ya chuo ilikuwa imekwisha, na MATLAB hununuliwa. Mwalimu akaniwekea GNU Octave, ambayo ni ya bure kabisa na lugha yake karibu ni ileile. Alinieleza asili ya zote mbili bila kurefusha. Cleve Moler, profesa wa hesabu huko New Mexico, aliandika MATLAB ya mwanzo miaka ya 1970 mwishoni ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi (majedwali ya namba) bila kulazimika kuandika Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta. Kampuni ya MathWorks, inayoiuza, ikaanzishwa 1984. Octave, John W. Eaton alianza kuiandika kwa dhati 1992, na akaipa jina la mwalimu wake wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel, mtu aliyesifika kwa kukisia majibu ya hesabu ngumu haraka haraka. Hilo la mwanafunzi kuiita programu kwa jina la mwalimu wake, Mwalimu alilisema kwa furaha ambayo sikuitegemea.

Akanipa na sharti ambalo nawapa na ninyi: Octave inakubali vitu ambavyo MATLAB haivikubali, kama kufunga amri ya "ikiwa" (`if`) kwa `endif`, au kuanza maelezo, yale maneno ambayo kompyuta huyaruka, kwa alama ya reli (#). Alinikataza vyote viwili tangu siku ya kwanza. Niandike `end`, na nitumie alama ya asilimia, ili faili langu likifika kwa msimamizi lifunguke bila ugomvi. Limefunguka.

Sasa namna anavyofundisha. Kompyuta inakaa mbele yako, yeye anakaa pembeni, mikono yake magotini. Kwa vipindi vyote 14 nilivyosoma hajagusa kibodi yangu hata mara moja. Na kabla hujabonyeza Enter anakusimamisha: "Niambie itatoka saizi gani." Uandike kwenye karatasi: safu mlalo ngapi, safu wima ngapi. Ukikosea, hakukaripii, anasema, "Haya, bonyeza tuone," na kompyuta inakujibu yenyewe.

Nilidhani ni ushamba wa kizamani, mpaka siku niliyozidisha orodha mbili za namba 360 kwa nyota peke yake. Octave ikakataa, ikasema saizi haziendani, 360x1 na 360x1. Nikashangaa, mbona ziko sawa? Kumbe nyota peke yake ni kuzidisha kwa matriksi; ukitaka kila namba izidishwe na mwenzake unatanguliza nukta, `.*`. Hilo angalau ilikataa kwa sauti. La hatari zaidi lilikuja wiki iliyofuata. Nilijumlisha orodha iliyosimama na orodha iliyolala, na haikukataa. Ilinipa kimya kimya jedwali la namba 129,600. Kama nisingekuwa nimeandika "360x1" kwenye karatasi kabla ya kubonyeza, ningeendelea nalo. Dawa yake ilikuwa kuigeuza moja kwa ritifaa, ileile tunayoiweka kwenye ng'ombe na ng'ambo.

Tulipofika kwenye kutafuta mawimbi, nilijifunza kitu kimoja ambacho kwangu kilistahili ada yote. Maji yetu yanavutwa zaidi na mwezi, wimbi linalojirudia kila saa 12.42, halafu na jua, wimbi la saa 12 kamili. Mawimbi hayo yakikutana ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14.77. Nilipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa mstari mmoja na jibu likatoka karibu vile vile. Basi unajenga matriksi ya safu mlalo 360 na safu wima tano: moja ya wastani, mbili za mwezi, mbili za jua. Milinganyo 360, visivyojulikana vitano tu. Hakuna jibu litakaloiridhisha yote. Nikauliza, sasa tunafanyaje?

Mwalimu akasema, "Chukulia wewe ni mzee wa baraza. Wamekuja watu 360, kila mmoja na dai lake. Huwezi kuwapa wote haki kamili. Unatafuta hukumu ambayo jumla ya maudhi yao, kila udhia ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, ni ndogo kuliko hukumu nyingine yoyote." Kisha akaniambia niandike mkwaju uliolalia nyuma: `x = A\h`, A ikiwa ile matriksi na h vipimo vyangu vya maji. Namba tano zikatoka. Wimbi la mwezi lilikuwa karibu mara mbili ya la jua. Nikachora grafu, mstari ukapita katikati ya vipimo vyangu kama uzi kwenye shanga. Nililia, kusema kweli.

Mwalimu hakulia. Alikaa anaitazama ile grafu kwa muda, akaweka kidole kwenye siku ya mwezi mpevu.

"Mwanangu, hii ni bamvua. Saa nne asubuhi ya bamvua, pale ufukweni Raskazone maji yako wapi?"

"Yamepwa, Mwalimu. Watu wanatembea mchangani."

"Grafu yako inasema yamejaa pomoni. Nani mwongo, grafu au Raskazone?"

Nikajibu hapohapo kwamba ni grafu. Pwani yetu hata mtoto anajua kuwa bamvua maji hupwa kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi. Tukaanza kutafuta. Skripti ilikuwa safi, saizi ziko sawa, vipindi viko kwa saa. Mwisho Mwalimu akaomba kaunta buku, akafungua ukurasa wa kwanza. Vijana wangu walikuwa wameandika saa moja, saa mbili, saa tatu, kama sote tunavyosema. Nami nikaziingiza 1, 2, 3. Kwa kompyuta hiyo ni usiku wa manane. Vipimo vyote 360 vilikuwa vimerudi nyuma saa sita, na saa sita ni karibu nusu ya wimbi la mwezi. Maji kujaa yakakaa mahali pa kupwa, kupwa mahali pa kujaa.

Kinachonishtua hadi leo ni kwamba mstari ulikuwa umepita vizuri mno. Ukisogeza saa zote kwa kiasi kimoja, ukubwa wa mawimbi haubadiliki na makosa hayaongezeki. Kinachobadilika ni muda tu. Hakuna programu ambayo ingeniambia, si Octave wala MATLAB. Yule wa dola 20 asingeona, kwa kuwa hajui saa zetu na hajui Raskazone. Ningechapisha kalenda inayowapeleka akina mama shambani wakati maji yamewafika kifuani. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja, kuongeza 6. Nimeuacha ndani ya faili na maelezo yake kwa Kiswahili, msimamizi ameusoma na kuusifu.

Mapungufu yapo na niyaseme. Mwalimu hajui Simulink (nyongeza ya MATLAB ya kuunda mifumo kwa michoro), na ukitaka hesabu za herufi badala ya namba atakuambia wazi kwamba hapo yeye si mtu wako. Mwendo wake ni wa taratibu. Mwenye kazi ya kukabidhi wiki ijayo asiende, ataumia. Hafundishi kwa simu wala video. Laptopu yake ni ya zamani, bora uende na yako, ikiwa imejaa chaji, kwani umeme ukikatika somo linaendelea kwa karatasi. Chumba kina joto mwezi wa Februari, na mara nyingine wajukuu wanaingia katikati ya kipindi kuomba hela ya kachori.

Ada ni shilingi 10,000 kwa kipindi cha saa mbili, na bibi hakuachi uondoke bila chai. Kwa vipindi 14 nimelipa 140,000, pungufu ya zile dola 80 za saa nne za kutazama kishale.

Kama uko mji mwingine, mtafute wa kwenu kwa kipimo hiki: nenda na data yako, uangalie kama ataiomba kabla ya kuwasha kompyuta, na saa ya kwanza ikiisha jiulize ni mikono ya nani ilikuwa kwenye kibodi. Kama uko Tanga, ulizia maduka ya fotokopi ya Ngamiani, wanamjua. Anapokea Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri. Chukua daftari la miraba na penseli. Mimi Jumamosi hii tunaongeza mawimbi mawili ya kila siku, la saa 23.93 na la saa 25.82, na nimeshaandika kwenye karatasi: 360 kwa 9.