Kufyeka msitu wote au kuchagua miti: udongo dhaifu unaumia wapi zaidi?

Kwenye mteremko wenye udongo mwepesi, kufyeka msitu wote kunaonyesha madhara mapema. Mvua ya kwanza inaupiga udongo ulio wazi, maji yanachimba vijifereji, na kijito cha bondeni kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Hatari kubwa lakini huja baadaye. Visiki hubaki, mizizi huoza taratibu, na miaka kadhaa baada ya mbao kuuzwa ndipo mteremko huporomoka. Misitu mingi ya kitropiki ina hasara nyingine: sehemu kubwa ya rutuba imo ndani ya miti yenyewe na kwenye tabaka jembamba la majani yanayooza. Ukibeba magogo, umebeba na mbolea.

Kuvuna kwa kuchagua huacha mizizi hai na kivuli. Hapo kunashinda, sibishi. Ila watu husahau trekta. Ili kupata mbao zilezile lazima uzunguke eneo kubwa zaidi, na njia za kuburutia magogo huongezeka. Udongo wenye majimaji hushindiliwa hasa katika safari chache za mwanzo. Chomeka kijiti kwenye alama ya tairi, kitagoma. Hatua mbili pembeni kinazama bila shida.

Mimi ningeshika njia ya kuchagua, kwa masharti: njia zipangwe kabla, kazi isimame mvua zikianza, na kwenye miinuko mikali magogo yavutwe kwa nyaya. Kando ya mito, msumeno usifike kabisa.