Meneja wa mradi wa anga: chombo kikubwa au setilaiti ndogo?

Darubini ya anga ya James Webb ilianza kupangwa miaka ya 1990, ikarushwa Desemba 2021. Meneja wa mradi wa aina hiyo anaweza kustaafu kabla ya kuona picha hata moja. Lakini ukibahatika kuwepo, raha yake haielezeki: ngao ya jua yenye tabaka 5 ilibidi ikunjuke huko juu, mbali na fundi yeyote, na ikakunjuka.

Kyubusati, setilaiti ndogo ya umbo la kijisanduku ambacho kipimo chake cha msingi ni sentimita 10 kila upande, ni mbio tupu. Anayeanza kazi ningemshauri aanzie hapa. Mara nyingi miaka michache inatosha kurusha. Fedha ni finyu, ndiyo, ila unashika kila kitu mwenyewe, kuanzia betri hadi kugombania nafasi kwenye roketi ya wengine.