Laini mbili Namanga: uzoefu wangu

Napeleka vitunguu vya Mang'ola, Tanzania, hadi Nairobi kupitia mpaka wa Namanga, na simu ninayotembea nayo ni ya laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Kenya, zote za vocha. Nimewahi kwenda na laini ya nyumbani peke yake kwa rominga, yaani ikitumia mtandao wa nchi ya pili. Kwa mtalii sawa, kwa mfanyabiashara hapana.

Na wala si kwa ajili ya kupiga simu. WhatsApp inabaki na namba yangu ya 255 hata nikiwa natumia bando la Kenya, kwa hiyo maongezi hayana shida. Shida ni hela. Mnunuzi wa Nairobi anataka namba ya 254. Ukimpa ya Tanzania maswali yanaanza, ingawa kutuma kati ya M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania kunawezekana tangu 2015. Ukimpa ya kwao, anatuma, meseji inaingia, magunia yanashuka. Papo hapo nawalipa wapakuaji kwa simu hiyo hiyo, na kinachobaki nakitoa kwa wakala upande wa Kenya kabla sijavuka.

Kusajili laini ya Kenya hakukunisumbua, pasipoti ilitosha. Kwetu kuna NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, na alama za vidole.

Namanga penyewe ndipo pa kuwa macho. Mnara wa ng'ambo unaweza kuwa na nguvu kuliko wa kwenu, basi umesimama foleni ya Uhamiaji, hujavuka bado, meseji ya kukukaribisha nchi ya pili inaingia na salio linaanza kuliwa. Ingia kwenye mipangilio, zima data ya rominga, kisha chagua mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu. Laini ya nyumbani usiichomoe, maana meseji za benki zenye namba za kuthibitisha muamala zinakuja huko.

Bando la wiki sinunui tena, linaisha muda nikiwa upande mwingine. La siku linatosha.

Na namba zote zihifadhi kwa +254 au +255. Ukipiga 0712 ya Kenya kwa laini ya Tanzania, unampata mtu mwingine kabisa. Dereva wangu alimpigia hivyo mnunuzi, akapokea mama mmoja wa Dodoma, akamwambia asante baba, vitunguu bado ninavyo.