Entebbe Bila Tiketi: Nimeijaribu Siku Nzima

Haya jamani, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi? Leo kamera iko Entebbe, na bidhaa ninayowachambulia haina duka wala bei. Ni vitu vya bure. Watu wa Mombasa wakitucheka kwamba Uganda haina pwani, waacheni wacheke. Hii yetu ya Ziwa Victoria haina chumvi, lakini mawimbi yapo, mchanga upo, na ng'ambo huioni. Na wale mnaonisahihisha Kiswahili kila video, mnivumilie: baba alikuwa mwanajeshi, hiki ni cha kambini.

Kwanza tuelewane, bure ni bure gani? Kipimo changu ni kimoja. Kama siwezi kukaa saa nzima bila mtu kuniuliza "unakunywa nini?", hapo si bure. Juzi juzi niliingia ufuko mmoja, jina naliacha, bango la getini limeandikwa kiingilio bure. Nikatandika leso, sijamaliza hata kuvua viatu, kijana ameshanisimamia na menyu. Kumbe viti ni vya wateja, kivuli cha wateja, na mchanga nao wa wateja! Soda moja nilinunua kwa bei ya tatu. Kwa hiyo fuko za namna hiyo leo hazimo. Bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa 1898, ni nzuri mno, mbega wanaruka juu ya kichwa chako, ila getini unalipa. Kituo cha wanyama pori vilevile. Tusidanganyane.

Nimeshuka kwenye taksi pale Kitoro asubuhi, boda ikanipeleka Kigungu, ncha ya kusini kabisa. Nauli hiyo nimelipa, siihesabu. Kigungu ndipo wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walipofikia kwa mtumbwi, Februari 17, 1879: Padri Lourdel na Bruda Amans. Waganda walisikia watu wakimwita Padri "mon père", ulimi ukageuza ikawa Mapeera, na mpaka leo hakuna anayemwita vinginevyo. Pana kanisa, pana kivuli, na maji yako hatua chache. Mimi Mwislamu, nilikaa nimejifunga mtandio wangu, na hakuna aliyeniuliza lolote. Mama mmoja aliyekuwa anafagia alinisogezea benchi tu, "Nyabo, yaani mama, kaa huku, huko jua litakufuata."

Halafu sasa ndege! Barabara ya kurukia iko jirani kabisa, kwa hiyo ndege ikija kutua kutoka upande wa ziwa unaiona tumbo, unaona magurudumu, watoto wanaacha mpira wanapunga mikono. Angalia kwa macho tu, kamera weka chini. Uwanja wa ndege wa zamani, ule walikoshikiliwa mateka wa ndege iliyotekwa 1976, sasa ni eneo la jeshi, na Ikulu nayo iko mji huuhuu. Picha moja ya kijinga inaweza kukugharimu mchana mzima wa maelezo. Kigungu nampa saba kwa kumi. Ningempa nane, ila choo kimenishinda.

Mchana nilitembea zile barabara za zamani karibu na uwanja wa gofu. Miti mikubwa, nyumba za enzi za Waingereza walipofanya Entebbe makao ya serikali yao, tumbili wanavuka barabara kama wana haraka ya kazini. Kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya miti kama mahakimu. Na hapo nilikumbuka, jina lenyewe la mji linatokana na viti vya hukumu: Mugula, chifu wa ukoo wa Mamba, alikuwa anakaa juu ya mawe akiamua kesi, na kwa Kiganda kiti ni entebe. Sita kwa kumi. Ni matembezi mazuri, lakini ukiyafanya saa saba mchana kama mimi utajilaumu.

Sasa Nakiwogo. Hapa ndipo ningekuleta kama ungekuwa na siku moja tu. Si ufuko, ni gati na mwalo, kuna matope, kuna harufu ya mukene, dagaa wale wameanikwa wanang'aa kama sindano. Meli ya Kalangala inayokwenda visiwa vya Ssese huondoka hapa saa nane mchana, kwa hiyo njoo mapema uone upakiaji. Magodoro, kreti za soda, kuku wamefungwa miguu, bibi mmoja kabeba dirisha zima la chuma kichwani na bado anabishana na konda! Sinema gani itakupa hiyo?

Meli ikishaondoka, usiondoke. Mimi nilikaa kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa, nikamwangalia mdiria, yule ndege mvuvi wa madoa meupe na meusi. Anasimama hewani, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anaanguka kama jiwe. Mara ya kwanza akakosa. Ya pili akakosa. Ya tatu akatoka na kisamaki, akakigonga gonga kwenye nguzo mpaka kikatulia, ndipo akameza. Nilisahau kama narekodi.

Neno kuhusu maji. Kuogelea ni bure, na kichocho nacho ni bure. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji matulivu yenye majani, pale pale ukingoni mnapopenda kuchezea, na hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Ukishaingia, usipuuze, kapime. Na mkiona vibanda vimeachwa karibu na maji, mjue ni kwa sababu mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964, likameza fuko nyingi hapa.

Jua ndilo zawadi ya mwisho. Nakiwogo inatazama magharibi, na kwa kuwa Ikweta iko hapo kusini kidogo tu, jua halibadilishi ratiba. Mwezi wowote linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Leo lilishuka jekundu nyuma ya mitumbwi, na mle ziwani vijidudu vikainuka kama moshi wa tanuri. Tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa sababu ya hivyo vijidudu, kimoja kimeingia mdomoni nikiwa naongea, mmeona wenyewe.

Hesabu ya leo: viingilio sifuri. Kikomando, chapati na maharage, nimelipa mwenyewe. Ngoja nikimbilie taksi ya Kampala, konda ananipigia kelele.