Mafuta ya karafuu au ya mchaichai?

Kwa jino linalouma, sioni ushindani: karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, kemikali inayotoboa utando wa bakteria na kutia ganzi kidogo. Madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Tone moja kwenye pamba, unagusisha jino, basi. Ganzi haizibi tundu, kwa hiyo safari ya hospitali iko palepale. Mtoto asiyameze kamwe. Huweza kuumiza ini.

Mchaichai una sitrali, kemikali inayoupa harufu ya limau, nayo kwenye maabara hushambulia fangasi vizuri, hata kandida, fangasi wa mdomoni na ukeni. Mimi mafuta yake ningeyatumia kwenye sabuni na maji ya kupigia deki, na harufu yake haichoshi kama ya karafuu.

Bei ndiyo inayochanganya watu. Kigoma mchaichai unaota uani kwa wengi, karafuu inatoka Unguja na Pemba, lakini majani mabichi ya mchaichai hutoa mafuta chini ya asilimia 1, wakati karafuu kavu hutoa 15 hadi 20. Kukamua mwenyewe kwa mvuke kunakula kuni nyingi. Majani ya uani bora yabaki ya chai.

Yote mawili huunguza ngozi yasipozimuliwa. Kuyazimua, mafuta ya mise (kiini cha mbegu ya mchikichi) yanafaa, mawese yatakuachia madoa: tone 1 la karafuu kwa vijiko vidogo 2 vya mafuta ya mise, na ujaribu kwanza kwenye mkono.