Stika ya kijani juu ya birika bovu: uzoefu wangu na wapimaji wa vifaa vya umeme kazini

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa ni majuma kadhaa sasa tangu kampuni iliyoajiriwa kupima usalama wa vifaa vya umeme ofisini kwetu ilipokamilisha kazi yake. Fundi wao alifika kwa wakati, nadhifu, na kipimo cha kisasa mkononi, na kabla ya adhuhuri kila kifaa chenye plagi, kuanzia printa hadi feni za mezani, kilikuwa kimebandikwa stika ya kijani ya kuonyesha kuwa kimefaulu. Kasi hiyo iliwafurahisha wakubwa. Mimi ilinitia wasiwasi, kwa sababu sikumwona hata mara moja akiinama kukagua waya, wala kushika bisibisi kufungua plagi yoyote.

Kilichonichoma ni birika la umeme la jikoni. Bodi yake ni ya chuma, na pale waya unapoingia kwenye plagi, mpira wa nje ulikuwa umevutika ukachomoka kwenye kibano, hata nyaya tatu za ndani, wa kahawia, wa bluu na ule wa kijani na njano, zikawa zinaonekana waziwazi. Nilimwendea nikamwambia kwa adabu, "Samahani kaka, hebu litazame hili kabla hujalibandika stika." Hakuligusa. Alinijibu mbele ya wenzangu, "Dada, mashine imesema limefaulu. Wewe endelea na makaratasi yako, umeme tuachie wenyewe."

Kwamba mashine ilisema limefaulu, sibishi. Kipimo hicho hupeleka volti 500 kutafuta mahali umeme unapovuja, na kwa kifaa chenye bodi ya chuma kwa kawaida huridhika kikikuta ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, usiopungua megaomu 1 (omu milioni moja). Nyaya za ndani zilikuwa bado na mpira wake, kwa hiyo siku ile hapakuwa na uvujaji wa kupimwa. Lakini mashine haina macho, na ndiyo maana kazi hii huanza kwa kutazama na kushika, na kasoro nyingi hugunduliwa hapo hapo kabla mashine haijawashwa. Kibano kikishaachia, kila anayeuvuta waya huo anavuta skrubu zinazoshikilia nyaya zenyewe. Waya wa ethi, yaani ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ukichomoka, birika litaendelea kuchemsha maji kama kawaida bila kumwonya mtu, na siku waya wa moto, ule wa kahawia unaoleta umeme, utakapogusa chuma, fyuzi haitakatika. Umeme utabaki kwenye bodi ukimsubiri wa kulishika.

Nilipolalamika, ofisi yao iliomba radhi ikatuma fundi mwingine, mtu mzima mwenye subira, na huyo namsifu bila kusita. Aliliondoa birika mara tu alipoliona. Kila alipopima ethi ya kifaa aliukunja na kuutikisa waya huku macho yake yakiwa kwenye namba, kwa maana waya uliokatika nusu hutoa namba nzuri ukitulia. Kwenye ekstensheni moja namba iliruka ghafla mbele yangu, na stika ya kijani ya mwenzake ikiwa imeganda pale pale. Alinieleza pia kwamba kifaa kinachoshikwa na kuhamishwa kila siku kinahitaji ukaguzi wa mara kwa mara zaidi kuliko kompyuta ambayo haisogezwi mezani. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kuipa kampuni hii alama nzuri, na maneno makali niliyokwisha kuyaandika nikayafuta.

Kisha ikaletwa ripoti. Birika limo, limefaulu. Ekstensheni ile imo, imefaulu. Tena kila mstari una ukinzani wa ethi wa omu 0.05, ekstensheni fupi sawa na ndefu, ilhali waya mrefu hauwezi kuwa na ukinzani sawa na mfupi wa unene uleule. Hata chaja za simu, zenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambazo hazina ethi kabisa kwa sababu usalama wake unategemea kinga maradufu ya plastiki, nazo zimeandikiwa omu 0.05! Hapo siwezi tena kuzungumzia haraka au lugha chafu ya kijana mmoja. Namba hizo zimetungwa, na waliozipitisha ni haohao walioniomba radhi.

Sahihi inayotakiwa chini ya ripoti hiyo ni yangu, na sijaiweka. Nimebandua stika zote za siku ya kwanza, nimewaandikia waifute ripoti na kumrudisha yule fundi wa pili apime kila kitu upya, na wasipofanya hivyo tutatafuta wapimaji wengine. Nyota moja ninayowapa ni ya mzee huyo peke yake.