Mabomba ya PVC ya 40 mm kama lenzi ya sauti: yanafaa, ila nenda dukani na kalipa ya kupimia kipenyo

Kwa mwalimu wa fizikia au fundi wa spika anayetaka kuunda lenzi ya kukusanya mawimbi ya sauti, bomba la kijivu la maji machafu, lile la PVC la 40 mm, ndilo tunalolipendekeza. Watafiti wa Valencia, Hispania, walipoonyesha lenzi ya namna hii mwaka 2002 walitumia nguzo za alumini, na ni rahisi kudhani kwamba siri ni alumini. Siri ni mpangilio. Ukuta wa PVC wa milimita 2 ni mzito mno kwa hewa kuutikisa katika masafa ya lenzi hii, kwa hiyo sauti hulazimika kuzunguka kila bomba, na kwa kuzunguka inachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoipinda.

Panga mabomba kwa pembetatu, 60 mm kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jirani yake. Hapo yanajaza 40% ya eneo. Mwendo wa sauti ndani yake unapatikana kwa kugawanya mwendo wa kawaida kwa kipeuo cha pili cha 1.40 (1 ukijumlisha ile 0.40 iliyojazwa), yaani kigawanyo cha 1.18: kutoka 343 m/s unashuka hadi karibu 290.

Kuna kishawishi cha kuyabana hadi 50 mm ili lenzi iwe kali zaidi. Tunashauri usifanye hivyo. Ni kweli kigawanyo kinapanda kutoka 1.18 hadi 1.26, lakini uso wa lenzi unaanza kurudisha sauti ilikotoka: kwenye 60 mm kila uso hurudisha takriban 11% ya nishati, kwenye 50 mm hurudisha robo nzima. Unapata kona kali na sauti haba.

Kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe ni jina lake. Bomba linaloitwa la 40 mm mara nyingine lina kipenyo cha nje cha 43 mm. Halitaharibu kazi, kigawanyo kinakuwa 1.21 tu, lakini matundu uliyokwisha kutoboa kwenye mbao za kuyashikilia mabomba yatalikataa. Pima kwanza, toboa baadaye, na usichanganye mabomba ya aina mbili.

Lenzi yenye upana wa mita 1, iliyobinuka pande zote mbili kwa nusukipenyo cha 60 cm, ina unene wa sentimita 54 katikati na hula vipande vya bomba kama 120. Ukikata vipande vya mita 1.2, bomba la mita 6 linatoa vitano, kwa hiyo nunua 25. Yasimamishe kati ya mbao mbili za plaiwudi. Safu na safu ziachane kwa 52 mm, na kila safu isogee 30 mm kando ukilinganisha na iliyotangulia. Pima safu zote kutoka mstari mmoja wa msingi. Anayepima kila safu kutoka ile ya jirani hujumlisha makosa, na kufikia safu ya kumi umbo limeshapinda. Ziba midomo ya mabomba, maana bomba lililo wazi pande zote mbili huitikia kwa sauti yake lenyewe, kwa urefu huu kuanzia kama 143 Hz.

Tumia masafa ya 1,000 hadi 1,400 Hz. Urefu wa wimbi ukipungua chini ya mara nne ya nafasi kati ya mabomba, hesabu za hapo juu zinaanza kulegea, na ukikaribia 3,000 Hz lenzi inageuka kizuizi. Jambo hilo lilipimwa Madrid kwenye sanamu iliyobuniwa na msanii Eusebio Sempere, ya mabomba ya chuma cha pua ya sentimita 2.9 yaliyoachana kwa sentimita 10: matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha sauti ya karibu 1,670 Hz ikizuiwa. Ukitaka kupanda hadi 2,200 Hz, chukua bomba la nyaya za umeme la 25 mm kwa nafasi ya 37.5 mm. Ni zuri kweli, ila litahitaji vipande zaidi ya 300, na hapo uvumilivu wa kutoboa ndio gharama yenyewe.

Hesabu ya lenzi itakupa kitovu, yaani mahali sauti inapokusanyika, kwenye mita 1.7 hivi. Usiweke maikrofoni hapo na kungoja. Lenzi hii ni pana mara tatu hadi nne tu ya wimbi, na kwa upana mdogo hivyo kilele cha sauti huvutwa karibu na lenzi. Spika nayo ikiwa mita 4 tu nyuma ya lenzi, hukisukuma kilele hicho kinyume chake, mbali zaidi na lenzi. Basi anza nusu mita kutoka usoni mwa lenzi, upande usio na spika, na usogee kwa sentimita 5. Fanya kazi uwanjani, kwani kuta za darasa hutengeneza vilele vya uongo. Weka spika na maikrofoni kwenye nusu ya kimo cha mabomba, kwa sababu lenzi hukusanya kwa upana, si kwa kimo. Kwenye simu, zima kipengele kinachorekebisha ukubwa wa sauti chenyewe. Kikibaki kimewashwa kitafuta tofauti ile ile unayoitafuta. Kisha ondoa lenzi, rudia pointi zile zile, na utoe vipimo vya pili kwenye vile vya kwanza.